Nyasi Zilizolala Upande Mmoja

Tope lilimpata Sajini Varaidzo Nyakudya begani kabla hajafunga mlango wa gari.

"Polisi wa kulinda wauaji!" alipaza sauti mwanamke aliyelirusha, kutoka ng'ambo ya barabara. "Mtoeni nje, tumalizane naye wenyewe!"

Nyuma yake walisimama watu wa kijiji cha Mhangwa, wengine wakiwa bado na nguo za msibani. Sajini hakulifuta lile tope. Aliingia kituoni nalo.

"Huyo ni Mai Ranga," alisema Konstebo Dzingai, aliyempokea mlangoni bila kumkaribisha. "Mama yake, Mbuya Sarudzayi, ni mmoja wa wale watatu waliokufa maji. Umekuja bure kutoka mkoani, Afande. Kesi imekwisha. Jamaa amekiri, kesho asubuhi tunampeleka kwa hakimu. Wewe weka sahihi tu."

"Nionyeshe kwanza huyo ninayemwekea sahihi."

Mahabusu kulikuwa na mtu mmoja, Jairosi Mutandwa, mkulima wa miaka thelathini hivi, amejikunja pembeni. Alikuwa amejifunika koti la polisi. Sajini alilitazama lile koti, kisha akamtazama Dzingai.

"Usiku kuna baridi," Dzingai alisema kwa ukali, akageuka kutazama ukuta.

Sajini alichuchumaa mbele ya nondo. "Jairosi, bwawa la Bwana Chokuda lilivunjika usiku wa kuamkia Ijumaa. Watu watatu wamekufa maji. Bwana Chokuda anasema alikuona magharibi ya siku ile juu ya tuta, jembe begani. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mai," alisema, akimwita mama kwa heshima.

"Ulifanya nini?"

"Mkono wangu ndio uliowaua."

"Ulianzia wapi kuchimba? Karibu na mkondo wa kutolea maji ya ziada, au katikati ya tuta?"

Jairosi aliinua macho kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi katika nyumba asiyoijua. "Katikati," alisema. Halafu akaongeza, "Au pale mlipoona nyinyi."

"Na kwa nini ulikate bwawa ambalo nyumba yako iko chini yake?"

Jairosi alivuta koti hadi kidevuni.

Stoo, Dzingai alimtolea jembe. Lilikuwa jembe la zamani, bapa lake limelika hadi kubaki jembamba kama kiganja cha mtoto, tope limekaukia juu yake. Sajini alikwangua tope kidogo kwa kisu, akaliweka kwenye karatasi na kulisogeza dirishani. Lilikuwa jeusi tii.

"Tuta la Chokuda ni la udongo gani?"

"Udongo ni udongo, Afande."

"Basi chukua jembe, twende tukauone."

* * *

Mbwa wa shamba la Chokuda waliwavamia toka getini, wakabweka hadi povu likawatoka. Bwana Chokuda, mwenye shamba, alikuwa juu ya kilichobaki cha tuta, mikono kiunoni. Kando yake alisimama Bwana Muzvidzwa wa ofisi ya maji ya wilaya, shati limepigwa pasi. Mbwa walipompita huyu walitikisa mikia na kumlamba vidole.

"Niliambiwa analetwa mpelelezi," Chokuda alisema. "Naona wameniletea dada."

"Shikamoo, Shumba," Sajini alimjibu, akimtaja kwa ukoo wake kama adabu inavyotaka. "Nimekuja kuona tuta."

"La kuona nini? Lilikuwapo, sasa halipo. Maji yangu ya kiangazi kizima yamekwenda. Njegere zangu nitazimwagilia mate? Mwizi mmoja na jembe lake! Wenzake huko chini wanataka maji ya bure, mwaka nenda mwaka rudi. Mnyonge wenu ni mimi."

Sajini aliutazama udongo chini ya viatu vyake. Ulikuwa mwekundu kama tofali, toka ncha moja ya tuta hadi nyingine. Alimtazama Dzingai. Dzingai alitazama bapa la jembe, kisha udongo, akakaza taya.

"Alama hizi hapa," Dzingai alisema, akimwita kwenye ukingo wa pengo. "Bwana Chokuda mwenyewe alituonyesha. Hapa ndipo alipochimba."

Kweli, kwenye ukingo palikuwa na mikato, safi, mikali, imepangana vizuri. Sajini aliomba jembe, akaliingiza ndani ya mkato mmoja. Liliyumba ndani yake kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba.

"Jembe lililokata hapa ni pana kuliko hili," alisema.

"Labda alipiga mara mbili-mbili," Muzvidzwa alidakia.

"Labda. Lakini hebu niambie, Bwana Muzvidzwa, wewe ni mtu wa maji. Mtu akikata tuta, maji yanapita wapi kwanza?"

"Pale alipokata."

"Na pale yanapopita kwanza, panabaki?"

Muzvidzwa aligeuka kulitazama pengo.

"Mahali alipokata mtu ndipo pangekuwa pa kwanza kwenda na maji," Sajini alisema. "Alama za jembe la mkosaji zingekuwa zimekwenda na maji hadi mtoni. Hizi zimekatwa baada ya maji kupita. Ona, hata matone ya mvua hayajazigusa, na kuzunguka kwake kote kumejaa vishimo vya mvua."

"Unaniita mwongo katika shamba langu?" Chokuda aliuliza.

"Bado sijamwita mtu, Shumba. Naongea na tuta."

Alianza kutembea juu ya tuta, kutoka kwenye pengo kuelekea mlimani, akiinamainama. Upande wa chini wa tuta ulikuwa umeota nyasi ndefu. Karibu na pengo zilikuwa zimelala, na hilo lilitarajiwa. Aliendelea mbele. Zilikuwa zimelala. Alifika ncha ya mwisho, mbali kabisa na pengo, na hata pale nyasi zilikuwa zimelala chini, zote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Kwenye waya wa uzio juu ya tuta palinasa majani makavu na vijiti, toka mwanzo hadi mwisho. Chini ya nguzo moja alikuta samaki mdogo, perege, amekauka.

Alirudi nao mkononi, yule samaki na konzi ya majani.

"Maji hayakupita kwenye tundu la mtu mmoja," alisema. "Yalipita juu ya tuta lote, toka huku hadi kule, kabla ya kulivunja. Bwawa lilijaa hadi likafurika juu."

"Mvua ilikuwa kubwa," Chokuda alisema upesi.

"Ilikuwa kubwa. Lakini mkondo wa ziada umechimbwa kwa ajili ya mvua kubwa. Ulikuwa wazi?"

"Siku zote uko wazi."

"Bwana Muzvidzwa, ofisi yako iliukagua lini mara ya mwisho?"

"Hili ni bwawa dogo la mtu binafsi," Muzvidzwa alisema, akijifuta vidole vilivyolambwa na mbwa. "Sisi tunahusika na makubwa. Kwa madogo, mwenyewe ndiye anayeleta mhandisi wake."

"Na alimleta?"

"Tuta hili lilijengwa na baba yangu!" Chokuda alifoka. "Limekuzidi umri. Mhandisi wa nini? Aje ale kuku wangu halafu aniambie maji yanateremka?"

"Kwa hiyo, Bwana Muzvidzwa, hujawahi kukanyaga hapa."

"Sijawahi."

"Mbwa wanasema umewahi."

Dzingai alikohoa. Ilikuwa kama kicheko, ila alikimeza.

Mkondo wa ziada ulikuwa mwishoni mwa tuta, mfereji mpana uliochongwa katika mwamba. Ulikuwa msafi mno. Kila kitu kingine shambani kilikuwa kimejaa tope na magogo, lakini huo ulikuwa umefagiliwa. Sakafu yake ilikuwa ya kijani kwa mwani, isipokuwa mahali pamoja, ambapo mabaka meupe yalikatiza toka ukuta hadi ukuta, yamepangana kama matofali.

"Nini kilikuwa hapa, Shumba?"

"Ng'ombe hulala hapo."

"Ng'ombe wako wana nidhamu. Wanalala kwa mstari."

Chokuda alisogea karibu hadi Sajini akanusa tumbaku mdomoni mwake. "Mkuu wako wa mkoa tunafahamiana. Kabla jua halijazama utakuwa unaongoza magari barabarani."

"Basi nina hadi jua lizame," alisema Sajini.

* * *

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa chini ya kilima, safu mbili za vyumba vya matofali. Maji yalizigusa ukingoni tu, lakini ya mvua yalikuwa yameingia vyumbani. Wanawake walikaa milangoni wakichambua mboga. Hakuna aliyeitikia salamu.

"Kama mnatafuta wa kumfunga, tumeisha," alisema mmoja. "Nenda ukamfunge Mungu, ndiye mwenye mvua."

Mbele ya kila mlango palikuwa na magunia mawili matatu ya mbolea, yamejazwa mchanga, yamezuia maji yasiingie ndani. Sajini aliinamia gunia la karibu.

"Usiguse hilo!" yule mwanamke alisimama. "Unataka mtoto wangu alale majini?"

"Siliondoi, mama. Naliangalia tu."

Upande mmoja wa gunia ulikuwa mkavu. Upande wa pili ulikuwa na utelezi wa kijani, na kwenye mshono walikuwa wamejishika konokono wadogo wa majini, wale wa ziwani. Alilitazama la pili. Konokono. La tatu vilevile.

"Konokono hawa hawajafika hapa kwa siku chache," alisema. "Wameishi juu ya magunia haya ndani ya maji muda mrefu. Nani aliwaletea?"

Wanawake walitazamana. Mmoja, mzee kidogo, alitazama mlango wa mwisho, kisha akajuta kuwa ametazama.

Kwenye mlango ule alikaa Zakeyo Phiri, nyapara wa shamba, mtu mwenye mvi ambaye babu yake alikuja kutoka Malawi kufanya kazi na hakurudi. Hakusimama.

"Sina la kusema, Mai. Usipoteze muda."

"Ulipewa amri gani kuhusu magunia?"

"Magunia gani?"

"Hayo yaliyokuwa yameziba mkondo wa ziada."

Zakeyo alisugua magoti. "Unajua nyumba hii ni ya nani? Ya Chokuda. Nikifungua mdomo, jioni niko barabarani na wajukuu. Wewe utanipa nyumba?"

"Siwezi kukuahidi nyumba. Nina Jairosi, ambaye kesho anasomewa mashtaka ya kuua watu watatu."

"Jairosi?" Zakeyo aliinua uso. "Si walisema ni mtu wa mbali?"

"Nani alisema?"

Zakeyo alitazama safu ya milango na magunia yake. "Chokuda alisema tuyatupe kwenye shimo la mchanga alfajiri ile ile, kabla hajawaita polisi," alisema mwishowe. "Tukayapakia kwenye trela. Tukapita hapa. Nikawakuta akina mama wanachota maji vyumbani kwa sufuria, watoto wamesimama juu ya vitanda. Nikawaambia vijana, teremsheni hapa. Kutupa ni kutupa."

"Na yaliwekwa pale kwa ajili gani?"

"Alitaka bwawa lijae kupita kipimo chake, njegere za kiangazi zimtoshe. Tuliyapanga mvua za kwanza. Yule wa ofisi ya maji aliyaona kwa macho yake, akacheka, akasema Chokuda wewe ni mjanja." Alisimama. "Mwite huyo konstebo aandike, kabla sijaogopa tena."

Dzingai aliandika, amepiga goti matopeni. Alipomaliza alisema, bila kumwangalia Sajini, "Dada yangu ana nyumba ya kupangisha pale sokoni, mzee. Chumba kimoja kiko wazi." Halafu, kama aliyejikasirikia, akamgeukia Sajini: "Lakini bado amekiri, Afande! Wakili wa Chokuda ataanza na hapo. Mtu alikuwa juu ya tuta na jembe, na mwenyewe anasema aliwaua. Alikuwa anafanya nini?"

"Hilo ndilo lililobaki," alisema Sajini. "Tutafute udongo mweusi."

* * *

Udongo mweusi ulikuwa bondeni tu, kando ya mto, kwa Mbuya Sarudzayi. Nyumba ya jiko alimokuwa akilala bibi huyo haikuwapo tena; maji yaliichukua. Juu kidogo, kwenye mwinuko, ghala lake la mahindi lilisimama, na binti yake Mai Ranga alikuwa akitandaza mahindi juani. Alipomwona Sajini aliokota bonge la udongo.

"Lingine?" Sajini aliuliza, akimwonyesha bega lenye tope.

Mai Ranga alilishika bonge muda kidogo, kisha akaliangusha. "Sema ulichokuja kusema uondoke."

"Ghala lenu halikulowa."

"Lina mtaro."

Kuzunguka ghala kulikuwa na mtaro, umechimbwa kwa uangalifu, kina cha goti, umepindishwa upande wa juu ili maji ya mlimani yapite pembeni. Kuta zake zilikuwa nyeusi. Sajini alishuka ndani, akaweka jembe la Jairosi kwenye alama moja ya ukutani. Lilikaa kimya, limeenea barabara, kama mguu katika kiatu chake.

"Mtaro huu ulichimbwa lini?"

"Sijui. Nadhani mama alichimba mwenyewe. Jumatano nilikuwa hapa, haukuwapo."

"Alhamisi, basi. Usiku wake ndio maji yalikuja."

"Haiwezekani," Mai Ranga alisema. "Alhamisi ni chisi. Mama yangu hakuwahi kugusa udongo siku ya chisi toka azaliwe. Nani hapa atagusa?"

Sajini alikuwa bado ndani ya mtaro. Yeye pia alikua katika kijiji chenye chisi, siku ambayo kijiji kizima huliacha jembe ili ardhi ipumzike, na anayevunja hutozwa mbuzi, na mvua ikikataa, au ikizidi, watu wote humtazama yeye.

"Mama yako angeweza kuchimba mtaro huu, kwa mgongo ule?" aliuliza.

Mai Ranga alitazama mtaro, akatazama jembe jembamba mkononi mwa Sajini. Alilijua jembe lile. Alikaa chini juu ya mahindi.

* * *

"Ulimchimbia mtaro," Sajini alimwambia Jairosi kupitia nondo. "Ukarudi nyumbani kwa njia ya tuta, kwa sababu ukipita kijijini na jembe siku ya chisi utaonekana."

Jairosi alianza kulia bila sauti.

"Mvua ilikuwa inakuja, Mai. Mahindi yake yote yalikuwa mle. Alinisihi nisubiri Ijumaa, nikasema Ijumaa itakuwa tumechelewa. Nikagusa udongo. Ardhi ikakasirika, ikavunja bwawa, ikaanza na yeye. Si mkono wangu huo?"

"Ulipopita juu ya tuta, maji yalikuwa wapi?"

Jairosi aliinamisha uso kwenye koti.

"Jairosi. Yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa yanalamba miguu yangu." Hakuinua uso. "Niliyaona. Nilitaka kupiga kelele. Nikafikiri, wataniuliza, ulikuwa huko unafanya nini na jembe? Nikaenda kulala."

Dzingai, aliyekuwa akiandika, aliacha kalamu.

"Hilo ni lako," Sajini alisema taratibu. "Sitakuondolea, wala sheria haina adhabu yake. Lakini bwawa halikuvunjwa na chisi. Mkondo wake ulizibwa kwa magunia, na aliyeuziba alikuona na jembe akashukuru. Utayasema ya maji hayo mbele ya hakimu?"

"Pamoja na ya chisi?"

"Pamoja na ya chisi."

Alifuta uso kwa mkono wa koti la polisi. "Nitasema."

Jua lilikuwa halijazama. Walimkuta Chokuda mezani, sahani ya sadza, ugali wa huko, na nyama mbele yake.

"Umekuja kuaga?" aliuliza.

"Nimekuja na magunia mawili na konokono wao," Sajini alisema. "Nawa mikono, Shumba. Au njoo nayo ilivyo."

Alitukana toka mezani hadi garini. Alimtukana Sajini, akamtukana Zakeyo, akamtukana Muzvidzwa, ambaye alikuwa tayari amekaa kiti cha nyuma cha gari, pasi ya shati imekwisha. Mbwa waliwafuata hadi getini wakitikisa mikia.

* * *

Asubuhi, Jairosi alisimama mbele ya kaunta. Alikunja koti la polisi vizuri akalisukuma kwa Dzingai. Dzingai alilipokea, akampa simu na mshipi wake, halafu akaweka jembe juu ya kaunta.

Jairosi hakulishika. "Leo ni Alhamisi," alisema. "Naomba likae hapa. Nitalifuata kesho."

"Hiki si kituo cha kutunzia majembe," Dzingai alisema, akalichukua, akaliegemeza nyuma ya mlango taratibu.

Nje, mkuu wa kijiji alikuwa amesimama na watu wake ng'ambo ya barabara. Hawakupiga kelele, lakini hawakutabasamu. "Mbuzi wa chisi bado tunamdai!" alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Nitamleta, Baba," alisema Jairosi.

Mai Ranga alitoka kati ya watu akavuka barabara. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Sajini alijikuta amesogea mbele kidogo, mkono tayari. Mai Ranga alimpita, akasimama mbele ya Jairosi, akamwekea bakuli mikononi.

"Sijakusamehe," alisema. "Ungepiga kelele, angekuwa hai."

"Najua, Mai."

"Kula. Ni mahindi yake."

Alisubiri hapo hapo juani, mikono imekunjwa, mpaka Jairosi alipomaliza kula, ili aondoke na bakuli lake.